Mpini wa Chini

Tarehe 9 Februari

Kwako binamu yangu Wa Chini,

Salamu nyingi wewe na shemeji, na binti yenu nesi aliyewang'oa huku mkaenda kukaa ghorofani kama njiwa. Sisi tupo. Mke wangu mzima, ananigombeza kama kawaida, sauti haijapungua. Banda linavuja palepale unapopajua. Jirani yangu mhunzi anagonga vyuma tangu asubuhi na bado hajajifunza kucheka. Mimi ni yuleyule. Juzi nimepasua gogo nene mpaka mbuzi wa watu akalala kivulini upande wa pili, mwenyewe akamtafuta kutwa nzima.

Haya, mbuzi nimemwongeza. Gogo sijaongeza.

Simu sitaki, usinipigie. Maneno ya simu yanapita, ya karatasi mtu anayarudia. Na mwandiko wangu usiucheke, mimi herufi nilijifunza kwa kuandika alama za mkaa kwenye mbao za watu, shule niliiona kwa nje.

Tangu uondoke, mle shimoni, chini ya gogo tunalopasua mbao, hamjapata mwenyewe. Vijana ninaowaweka chini wakiingiwa na unga wa mbao machoni wanapanda juu kunawa, wananiacha nimesimama kwenye gogo na msumeno mkononi kama mtu aliyesahau alichokuja kufanya. Wewe ulikaa mle miaka yote. Mimi juu naufuata mstari wa mkaa, wewe chini huoni mstari wala jua, unavuta ninapokupeleka. Watu wakatuita Wa Juu na Wa Chini mpaka wake zetu wakayasahau majina yetu. Na ule mpini wa chini uliouchomoa kwenye msumeno ukaondoka nao uwe ukumbusho, nimechonga mwingine. Haukai vizuri.

Sasa neno lenyewe. Nimekojoa damu. Nikaenda hospitali, wakanipiga picha, daktari kijana akasema figo ya kushoto ina uvimbe, itolewe yote, na itolewe mapema. Nikamuuliza inatolewaje. Akasema hapa kwetu ni kisu, wanafungua ubavu. Huko mbali kuna hospitali zina roboti, mashine yenye mikono, daktari anakaa pembeni kama anapiga kinanda, mgonjwa anatobolewa vitundu tu. Nikamwambia basi naingoja hiyo. Akasema mashine haiji huku leo wala kesho, na uvimbe haungoji. Nikamwambia, daktari, mimi na wewe kazi moja, sote tunapasua, na mimi nimeshaona kwamba ubao haurudi kuwa gogo.

Nikarudi nyumbani. Mke wangu amenuna.

Wewe mwaka jana ulitolewa figo hukohuko. Hukuwahi kuniambia ilivyokuwa, na mimi sikukuuliza kwa sababu ubavu haukuwa wangu. Leo nakuuliza. Mimi ni mwongo, mtaa mzima unajua na siwakatalii. Wewe sijawahi kukusikia ukiongopa hata kwa mgeni aliyeuliza kama chai ni tamu. Ukisema walikufungua kwa kisu, naenda wiki hii. Ukisema ni mashine, kwa kisu siendi, nakaa na figo yangu na damu yangu mpaka niipate.

Mimi binamu yako,
Wa Juu


Tarehe 21 Februari

Binamu Wa Juu,

Salamu. Tuko salama. Binti anafanya zamu za mfululizo, tunamwona akilala tu. Shemeji yako analalamika hakuna pa kuanika nguo. Chumba ni kilekile kimoja na sebule. Mbuzi tumemcheka wote.

Umeniuliza, nakujibu. Ni kisu. Walinifungua ubavu wa kushoto kama watakavyokufungua wewe. Mwanzoni inauma, halafu inaacha. Mwezi haukuisha nilikuwa napandisha ndoo za maji kwenye ngazi. Sasa nasahau kama nilipasuliwa.

Nenda. Usingoje mashine.

Mpini upo, nimeuweka juu ya kabati.

Wa Chini


Tarehe 30 Machi

Kwako Wa Chini,

Salamu kwa wote ghorofani. Mke wangu anamsalimu shemeji, anasema nguo azianike dirishani, majirani watazoea. Paa bado linavuja, sasa hivi sina wa kupanda.

Nilikwenda, wamepasua, nimerudi. Nilipolazwa pale nilimuuliza daktari kama kisu chake amekinoa, nikamwambia kama tupa hana ninayo moja nzuri nyumbani. Alipofungua akakuta figo ya mwanaume, akawaita wenzake waje waione. Wauguzi walitoka wodi nyingine. Mmoja aliniomba abaki nayo.

Kovu langu linaanzia karibu na kitovu, linakwenda ubavuni, linapotelea mgongoni. Mshona magunia angeona aibu. Kila anayekuja kunisalimu namwonyesha, hata asiyeomba. Mhunzi aliangalia muda mrefu, akasema, "Wamekunja vizuri," akarudi kazini kwake.

Nina swali dogo, na si kwamba nalalamika. Wewe kukohoa ulianza lini bila kushika mto? Mimi nikikohoa naona nyota. Na kucheka. Mtu akitaka kuniua sasa hivi aje na kichekesho. Na ulilalia ubavu gani? Mimi nalala chali kama maiti aliyetulia, nikijigeuza mke wangu anaamka. Sehemu ya mbele ya tumbo haina hisia, nagusa kama nagusa shati la mtu.

Nauliza tu nijue nipo wapi kwenye mstari. Wewe umeshaupita, unauona wote.

Wa Juu


Tarehe 2 Mei

Binamu,

Salamu, na samahani kwa kuchelewa. Kulikuwa na mambo mengi hapa, lifti imeharibika. Shemeji yako hajambo. Binti amepata cheo kidogo.

Nashukuru umetoka salama. Hilo ndilo kubwa.

Mambo ya kukohoa sikumbuki vizuri. Wakati kama huu mimi nilikuwa natembea mpaka sokoni na kurudi na mzigo. Kila mwili na mambo yake. Jikaze polepole.

Wa Chini


Tarehe 11 Juni

Kwako Wa Chini,

Salamu kwa shemeji na kwa mwenye cheo. Nyumbani wote wazima. Mke wangu amekonda kidogo, ananikatalia, lakini kanga inamzunguka zaidi ya zamani.

Barua zako mbili niliziweka mfukoni muda mrefu. Kila nikishindwa kitu nazitoa. Kuinua birika: nasoma, binamu alipandisha ndoo ngazini. Kuvaa viatu: nasoma, binamu alikwenda sokoni na mzigo. Nikaona aibu kukaa. Kwa hiyo nikapanda juu ya gogo.

Nilimweka kijana chini, nikachora mstari, nikashika msumeno. Vuta ya kwanza nikapita. Ya pili nikamtania kijana. Ya tatu ubavu ukanikata pumzi, nikakaa juu ya gogo lile kama kuku anayeatamia. Kijana chini anauliza, "Mzee, nivute?" Ananiuliza tena. Walinishusha watu wawili, mmoja wao mteja.

Na ubavu wenyewe umetokeza, binamu. Ukiniona na shati utadhani nimeiba mkate nikauficha.

Basi nikafikiri. Tumezaliwa msimu mmoja, tumefanya kazi moja, tumeugua figo ileile, tumefunguliwa ubavu uleule kwa kisu. Wewe umesimama, mimi nimeinama. Kosa haliko kwa kisu wala kwa daktari. Ni mimi niliyeisha. Nimekuwa nikijisifu miaka yote kumbe aliyekuwa na nguvu ni yule wa shimoni.

Nimempa mhunzi msumeno. Alisita. Akaniuliza, "Nikikata, haurudi. Unajua?"

Nikamwambia, "Nani kakuuliza? Kata."

"Ngoja mwezi."

"Nimengoja wa kutosha. Mwenzangu mwezi haukuisha alikuwa amesimama."

Akakata. Chuma kizuri kile, ametoa visu vya jikoni na vikwanguo vya ngozi. Kimoja amempa mke wangu. Kinakata nyanya bila kuikamua. Mke wangu hakitumii, amekiviringisha kwenye kitambaa na kukiweka chini ya sanduku.

Sikwambii ili unihurumie. Nakwambia kwa sababu ulikuwa wako pia.

Wa Juu


Tarehe 10 Julai

Binamu,

Salamu kutoka kwetu.

Kwa nini hukungoja? Ungeacha hata mwaka uishe. Ungeniandikia kwanza.

Sina la zaidi leo. Binti anatusalimia.

Wa Chini


Tarehe 4 Septemba

Kwako Wa Chini,

Salamu. Tuko wazima, na mimi mzima kuliko nilivyojua. Nitakueleza.

Shemeji alikuwa huku. Alikuja kumuuguza dada yake, siku ya tatu akaja kutusalimia. Amenenepa, ghorofa limempenda. Alinikuta kwenye kiti changu, mke wangu anamimina chai. Shemeji akasema, "Haya, hebu nilione hilo kovu unalolitangazia dunia."

Nikapandisha shati. Unajua mimi sihitaji kubembelezwa.

Akaweka mkono mdomoni. Akasema, "Jamani, shemeji, mbona wewe wamekufungua hivi? Mwenzako alitobolewa tu. Vitundu vidogo, akivua shati utasema mbu wakubwa."

Nikamuuliza, "Mwenzangu nani?"

"Mume wangu. Si walimtoa kwa ile mashine? Kesho yake anaomba supu. Alirudi nyumbani kabla sijamaliza kufua shuka."

Chai ilijaa kikombe ikamwagikia sahani, mke wangu bado anamimina.

Mimi nikacheka. Nikamwambia shemeji, "Najua, nakupima kama unakumbuka." Akacheka naye, akaniambia sitakufa na utani. Nimekusitiri mbele ya mkeo, hana habari ya ulichoniandikia, na usimgombeze. Nilipocheka nilishika ubavu kwa mazoea. Haukuuma. Hapo nikakumbuka kwamba siku nyingi haujauma, ni mimi tu niliyeacha kuuliza.

Kesho yake nikaenda kwa yule daktari kijana. Nikamwambia anieleze habari ya kisu na mashine, polepole, kama anavyomweleza mtoto. Akasema wa mashine wanaanza haraka: maumivu machache, wanarudi nyumbani mapema, wanashika kazi mapema. Wa kisu wanachelewa, na wengine ubavu unabaki umetokeza na ganzi kidogo, kama mimi. Lakini mwaka ukifika, akasema, wengi huwezi kuwatenganisha kwa usingizi wala kwa kazi wala kwa kucheka. Akanigusa ubavu, akaniambia nisukume mkono wake. Nikasukuma, akarudi nyuma. Akauliza, "Kazi gani?" Nikamwambia. Akasema, "Ungeanza tena polepole mwisho wa mwaka huu. Nani alikwambia umekwisha?"

Nikamwambia, ndugu yangu.

Sasa nisikilize. Mimi naongopa kila siku, na uongo wangu una mkia, watu wanauona ukija tangu kona ile. Hata watoto wanasema huyo mbuzi ni wa kuongeza. Wako hauna mkia. Ulikuja umevaa kama kweli. Nikaubeba mfukoni kama dawa, nikajipima nao kila asubuhi, kila asubuhi nikapungua.

Miaka yote wewe ulikuwa mtu usiyeona mstari. Unga machoni, giza la shimo, huna ila mkono wangu. Ningeweza kukupeleka pembeni siku yoyote na usijue mpaka ubao uanguke. Nilikupeleka pembeni siku gani? Itaje. Safari hii shimoni nilikuwa mimi, wewe juu, mara moja tu maishani, na tazama ulipovutia.

Na ile barua ya Julai. "Kwa nini hukungoja." Uliniuliza kwa mkono gani?

Nina swali moja, nataka unijibu. Ungesema mashine, mimi ningefunga nguo nije huko mliko, nitobolewe kama wewe. Ulijua hivyo. Ulinificha kwa sababu gani? Au chumba kimoja na sebule hakikuwa na pa kumlaza mzee mmoja kwenye mkeka?

Wa Juu


Tarehe 25 Septemba

Binamu,

Salamu. Shemeji yako alirudi salama, alifurahi kuwaona.

Nitasema ilivyokuwa. Barua yako ya kwanza ilipofika, nilimsomea binti. Akasema foleni ya ile mashine imefika mbali, na mtu wa nje anawekwa mwisho, na uvimbe wa kutoa damu hauwezi kukaa kwenye foleni. Akasema, baba, ukimwambia ni mashine atakaa huko akiingoja mpaka afe. Ninakujua. Ungekaa. Ungewatania majirani mpaka siku ya kuzikwa.

Niliandika kisu. Ndoo niliziongeza ili usiogope. Baadaye sikujua namna ya kuzishusha.

Leo uko hai. Kama ningeulizwa tena, sijui ningeandika nini, lakini ungekuwa hai.

Nimempa mtu wa mizigo mpini wa chini akuletee. Si wangu tena kama msumeno haupo. Nimesikia kuna misumeno inayopatikana. Ukipata, niambie, nije. Nitaingia shimoni kama zamani.

Ndugu yako,
Wa Chini


Tarehe 19 Novemba

Kwako binamu,

Salamu kwa shemeji na kwa nesi. Mwambie nesi simlaumu, yeye alisema habari za foleni, aliyeandika habari za ndoo ni mwingine. Nyumbani tu wazima. Paa nimeliziba mwenyewe, mke wangu ameshika ngazi huku ananitukana kwa upendo. Kile kisu amekitoa chini ya sanduku, sasa anakatia nyanya.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa na kazi, si kwa sababu ya lifti.

Kwamba niko hai ni kweli, na sehemu yake ni yako. Hilo nakupa. Nilipomaliza kukupa nikatafuta lililobaki, nikaona bado ni kubwa. Ukishanivusha mezani kwa daktari, ulikuwa na miezi yote kuniambia, binamu, zile ndoo zilikuwa za maneno. Nilikuuliza kukohoa, ukaniambia hukumbuki. Nilikuuliza kwa aibu, mtu mzima, natafuta tu kusikia kwamba hata wewe ulishika mto. Ukanipa soko na mzigo. Wakati huo nilikuwa nimeshapasuliwa. Ulikuwa unamwokoa nani?

Na nilikuuliza habari za chumba. Barua yako nimeisoma pande zote mbili, nikaigeuza juani. Hukujibu. Basi umejibu.

Mpini ulifika. Umeufuta unga wote, umeupaka mafuta, unang'aa kama kiti cha mkubwa. Nilitaka kuutia motoni. Mke wangu akasema, "Mti mgumu huo, utatujazia moshi bure." Nikauegemeza ukutani ukanitazama.

Halafu mhunzi akaja. Unamjua hasemi. Alisimama mlangoni na msumeno begani, wa yule mpasuaji marehemu wa mtaa wa pili, mjane wake amemwazima. Akasema, "Mmoja niliukata mimi. Huu nitauvuta."

Nikamwambia, "Wewe utavuta nini, mikono yako inajua kugonga tu."

Akasema, "Utanifundisha."

Msumeno ule chini hauna mpini. Tukajaribu wako. Ukaingia, nikapiga kabari ndogo, ukashika kama ulizaliwa pale.

Kwa hiyo jina la Wa Chini sikuandiki tena hapo mwanzo wa barua. Lina mtu. Usije, binamu. Si kwamba nimefunga mlango. Ukija kusalimia kiti kipo na chai ipo, na mke wangu hatamwaga. Lakini shimoni usije. Mimi nikiwa juu siwezi kuvuta huku najiuliza mkono wa chini unaniambia nini.

Tunapasua kidogo, asubuhi tu. Ubavu unanivuta, napumzika, naendelea. Mhunzi anavuta vibaya, kama anakokota mbuzi anayejua anakopelekwa. Mstari umetupinda mara mbili, na ubao wa kwanza tumeufanya benchi kwa sababu hakuna ambaye angeuchukua. Unga ukimjaa machoni analia machozi wazi wala hajifichi.

Akichoka anagonga gogo kwa chini, anasema, "Nimechoka." Tunaacha. Nikichoka mimi nagonga kwa juu, nasema hivyohivyo, naye ananiamini na mimi namwamini.

Hapo sijaongeza kitu.

Wa Juu